Pua na Koo, Walinzi wa Pumzi

Kila mwaka ufikapo mwezi wa Juni, mawingu hushuka kutoka Mlima Meru na kuukalia mji wa Arusha, na jua huweza kupita siku tatu lisionekane vizuri. Ndipo mafua na vikohozi huanza. Shuleni mwalimu hufundisha huku watoto wakipenga kamasi, na katika zahanati mabenchi hujaa akina mama wenye watoto migongoni. Wazee husema, "Ni baridi." Vijana waliosoma husema, "La, ni vijidudu." Na wako wa tatu, ambao humfunua mtoto kinywa, wakatazama kimeo, wakasema kimekuwa kirefu, sharti atafutwe fundi wa kukikata.

Katika mabishano haya wazee wana haki na vijana wana haki, kama tutakavyoonyesha. Lakini hao wa tatu wamekosea, na kosa lao lina hatari. Ili jambo hili lieleweke hatuna budi kueleza kwanza jinsi pua na koo la mwanadamu zilivyowekewa ulinzi tangu kuzaliwa, na jinsi sisi wenyewe pengine tunavyoubomoa ulinzi huo kwa kutojua.

Yafaa tujue ukubwa wa kazi yenyewe. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 16 kila dakika, na kwa mchana na usiku hewa anayoivuta hukaribia lita 10,000. Tukiipima kwa debe la lita 20, ni madebe 500. Tena hewa hiyo si safi. Mtu wa Kisongo au wa Oldonyo Sambu ajua habari za vumbi la kiangazi, udongo mwepesi wa majivu ya volkano uliotoka mlimani zamani, ambao huinuka nyuma ya ng'ombe na magari hata mtu asimwone mwenzake. Ndani ya hewa, katika vumbi na katika matone madogo yatokayo kinywani mwa mtu akohoaye, wamo vijidudu vya namna nyingi. Wako bakteria, ambao ni viumbe hai wadogo wawezao kujilisha na kuzaana wenyewe. Kuna na virusi, vilivyo vidogo zaidi, ambavyo haviwezi kuzaana mpaka vimeingia ndani ya chembe hai ya mwili wa kiumbe kingine. Hata hivyo mtu mwenye afya hupitisha madebe yake 500 leo, na mengine 500 kesho, asiugue. Ni nani anayevizuia vijidudu hivyo?

Wenyeji wa Arusha na Meru hawana haja ya kuambiwa boma ni kitu gani: ua wa miiba, mlango, mbwa, na vijana walalao karibu na silaha zao. Mwili nao una ulinzi wa namna mbili. Ulinzi wa kwanza mtu huzaliwa nao. Haufundishwi, wala haumjui adui kwa jina. Kama mbwa wa bomani, humzuia kila mgeni mara ile ile afikapo. Ulinzi wa pili hujifunza. Huishika sura ya adui, na akirudi mwaka ujao humkamata upesi. Na chanjo wanazochomwa watoto wetu, kama ile ya kuzuia kichomi iliyoanza kutolewa Tanzania mwaka 2013, kazi yake ni kuufundisha huu wa pili. Lakini kumjua adui mpya kwahitaji siku nyingi, pengine juma zima na zaidi. Katika siku hizo ni ule wa kwanza usimamao peke yake, na habari zake ndizo tutakazosema.

Ua wa nje ni nywele za tundu za pua. Hizo huzuia vumbi kubwa, makapi na wadudu warukao. Nyuma yake, kila upande wa pua, mna mikunjo mitatu ya mfupa iliyofunikwa kwa ngozi laini yenye damu nyingi. Hewa haipiti moja kwa moja. Huigonga mikunjo hiyo na kugeuka-geuka, na kila inapogonga huacha vumbi lake juu ya utelezi, na yenyewe hupashwa moto na kutiwa unyevu. Hewa ya alfajiri ya Ilboru, iingiayo puani ikiwa baridi, ifikapo kooni imekwisha kukaribia joto la mwili. Apumuaye kwa kinywa huikosa faida hiyo, na hewa yake ni kama mgeni aingiaye bomani kwa kuruka ua.

Utelezi huo ni kamasi, kitu ambacho watu hukidharau kuliko vyote vitokavyo mwilini, wala hatuwalaumu. Lakini kamasi ni mtego, kama ulimbo wa kunasia ndege. Tena ni mtego utembeao. Ngozi ya ndani ya pua imefanywa kwa chembe ndogo sana, na juu ya chembe nyingi katika hizo vimeota vinyweleo kiasi cha 200 kwa kila chembe, ambavyo urefu wake hauzidi sehemu 7 za elfu za milimita moja. Vinyweleo hivyo hupiga mara 10 hadi 15 kila sekunde, kwa mawimbi, kama shamba la ngano lipitiwalo na upepo, na juu yake vyalichukua blanketi lile la kamasi pamoja na kila kilichonaswa. Mwendo wake ni kama nusu sentimita kwa dakika, kuelekea kooni. Huko twameza bila kujua, na ukali ulio katika tumbo la chakula huwamaliza vijidudu walio wengi.

Madaktari wana njia rahisi ya kuupima mwendo huo. Huweka punje ndogo ya sakarini, kitu kitamu kupita sukari, ndani kidogo ya pua, kisha humwambia mtu akae kimya, asipenge wala asinuse, mpaka atakapoonja utamu kooni. Mwenye pua yenye afya aghalabu huuonja kabla ya dakika 20 kupita. Zikipita 30 bila utamu, wajua kuwa vinyweleo vimelemaa. Wavutaji wa sigara huchelewa.

Tena mtego huu una sumu kwa adui, na jinsi ilivyojulikana ni hadithi ya kupendeza. Mwaka 1921, katika hospitali ya St Mary's mjini London, daktari mmoja Mskochi, Alexander Fleming, yule ambaye mwaka 1928 aligundua penisilini, alishikwa na mafua. Mwingine angalipenga akatupa. Yeye alichukua kamasi la pua yake akaliweka katika kisahani ambamo bakteria hukuzwa. Baada ya siku kadhaa aliona kuwa bakteria wa namna fulani waliokuwa karibu na kamasi lile wameyeyuka, kana kwamba wametiwa dawa. Aliitangaza habari hiyo mwaka 1922, na kitu kile akakiita laisozimu. Akakipata katika machozi pia, na katika mate, na katika ute wa yai la kuku. Kwa majaribio yake alihitaji machozi mengi, hata akawa akiwatia wenzake maji ya limau machoni wapate kulia. Twawahurumia wenzake.

Laisozimu huzikata-kata kuta za bakteria. Haiwawezi wote, kwa maana wengi katika wale waletao maradhi makubwa wana njia ya kuikwepa. Kwa hiyo kamasi lina silaha nyinginezo. Iko moja ishikayo madini ya chuma na kuyaficha, kwa kuwa bakteria wengi hawawezi kukua bila chuma, na hivyo hufa njaa mbele ya chakula. Ziko nyingine zitoboazo ngozi ya kijidudu kama sindano. Zote hizi zimo puani mwa mtoto mchanga asiyejua hata jina lake.

Na adui akipenya? Katika vijiji vyetu mwizi akiingia usiku, mwenye nyumba hupiga yowe. Majirani wenye nguvu hutoka na marungu, na wasio na nguvu hukaza milango. Chembe iliyovamiwa hufanya vivyo hivyo. Ina vitambuzi vya kuzaliwa navyo, vinavyojua kuwa kitu fulani si cha mwili huu, na kwa kueleza jinsi vitambuzi hivyo vinavyouamsha ulinzi, Bruce Beutler wa Marekani na Jules Hoffmann wa Ufaransa walipewa Nishani ya Nobel mwaka 2011. Yowe lenyewe lilikuwa limekwisha kugunduliwa London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, nao waliliita intaferoni. Chembe jirani zikilisikia hukaza milango, yaani huzuia zile kazi za ndani ambazo virusi huzitumia ili kuzaana.

Wenye marungu ni chembe nyeupe za damu, ambazo hutoka katika mishipa na kuwameza adui wazimawazima. Kamasi ligeukapo rangi ya kijani wengi huogopa, wakakimbilia duka la dawa kununua vidonge vya kuua bakteria. Lakini rangi ile ni ya hao askari weupe wenyewe, waliofia kazini. Ndani yao mna kitu cha kijani wanachokitumia kuulia. Mafua ya virusi hutoa kamasi la kijani vilevile, na vidonge hivyo haviui virusi hata kimoja. Fedha zimekwenda bure, na bakteria waliobaki mwilini wamejifunza kuizoea dawa.

Sasa tuwarudie wazee na baridi yao. Kwa miaka mingi wenye elimu waliwacheka waliosema kuwa baridi huleta mafua. Mwaka 2015 Ellen Foxman, Akiko Iwasaki na wenzao wa chuo cha Yale, Marekani, walionyesha kwa chembe za njia ya pumzi za panya kuwa katika joto la nyuzi 33, lililo kama joto la ndani ya pua, yowe la chembe ni dhaifu kuliko katika nyuzi 37, joto la ndani ya mwili. Na virusi vya mafua ya kawaida hupata nafasi ya kuzaana. Kisha mwezi wa Desemba 2022 wataalamu wa Boston, Benjamin Bleier na Mansoor Amiji pamoja na wenzao, walitangaza jambo jingine. Pua ikitambua adui hutoa kundi kubwa la vifuko vidogo mno, vinavyoelea katika kamasi na kuvinasa virusi kabla havijazishika chembe, kama mbwa waliofunguliwa kamba. Watu waliokaa dakika 15 katika baridi ya nyuzi 4 hivi, joto la ndani ya pua zao lilishuka kwa nyuzi 5, na katika baridi ya kiasi hicho vifuko vitokavyo vilipungua kwa sehemu kama 42 katika 100.

Baridi ya mjini Arusha haifiki hapo. Usiku wa Julai aghalabu huwa nyuzi 12 au 13, ijapokuwa huko juu, msituni na zaidi, ni kali kuliko hiyo. Tena wakati wa baridi watu hujifungia ndani pamoja, na kupumuliana. Lakini wazee hawakusema uongo. Vijidudu ndivyo viletavyo mafua, na baridi humlegeza mlinzi. Mama amfunikaye mtoto shuka mpaka karibu na pua asubuhi ya Julai ana sababu ya elimu, hata kama hakuisoma popote.

Twakumbuka pia mwaka 2020. Tarehe 16 Machi Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona katika Tanzania, msafiri aliyeshuka Kiwanja cha Ndege cha Kilimanjaro akitoka Ulaya, naye alitunzwa hapa Arusha. Katika miezi iliyofuata watu walistaajabu kuona watoto hawaugui kama wazee. Mwaka 2021 wataalamu wa Berlin walitoa sababu mojawapo: vitambuzi vilivyo katika pua za watoto viko macho zaidi kabla ya adui kufika, hivyo yowe hupigwa mapema. Katika siku zile nyungu zilitokota kila mahali, na tumeulizwa mara nyingi kama zilifaa. Mvuke hulegeza makamasi na kumpa mgonjwa nafuu kidogo. Hauui virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya chembe, na maji yachemkayo yaweza kumwunguza mtoto vibaya. Mtoto mdogo asifunikwe na nyungu.

Yale tuliyoyasema mpaka hapa ni kazi ya Muumba. Haya yafuatayo ni kazi yetu sisi, na la kwanza ni moshi. Hatuzidharau nyumba za babu zetu. Zilihifadhi joto katika usiku wa mlimani, na moshi ulifukuza wadudu. Lakini moshi wa kuni huvipunguza mwendo vile vinyweleo tulivyovieleza, na ukizidi huviua vikang'oka. Hapo kamasi hukaa mahali pamoja likiwa zito, na bakteria walionaswa ndani yake hupata muda wa kutosha. Shirika la Afya la Ulimwengu lasema kuwa moshi wa ndani ya nyumba karibu huzidisha mara mbili hatari ya mtoto kupata kichomi. Anayeuvuta kuliko wote ni mtoto mdogo aliyebebwa mgongoni, mama ainamapo kupuliza moto. Dirisha la pili upande wa juu, kuni zilizokaushwa vema, au jiko lililohamishwa likawekwa barazani, hayo si mambo ya gharama kubwa. Na kwa kuwa tumetaja pua, wazee watuwie radhi tukisema kuwa ugoro nao huikera ngozi hiyo hiyo. Chafya ile waipendayo ni pua ikijaribu kuutoa nje.

La pili ni kimeo. Nyuma ya kinywa, katikati, chaning'inia kinyama kidogo kiitwacho kilimi. Kila mtu anacho. Mtoto akikohoa sana koo huvimba, na kilimi huvimba pamoja nalo, kikaonekana kirefu. Ndipo watu husema hicho ndicho kimtekenyacho na kumkohoza. Wameona athari wakaidhani ni chanzo, kama mtu aonaye majirani wametoka na marungu akasema hao ndio wezi. Desturi ya kukikata iko katika sehemu nyingi za Tanzania, na katika Kenya, Ethiopia na Nigeria pia, kwa hiyo hatuwanyoshei kidole watu wa kabila moja.

Waliokichunguza kilimi kwa darubini kali wameona kuwa kimejaa tezi zitoazo mate mepesi, ambayo hulilowesha koo. Tena husaidia kuifunga njia ya pua wakati wa kumeza. Akikataye basi huondoa sehemu ya ulinzi wenyewe, na mahali pake huacha kidonda wazi pale pale ambapo vijidudu hupita. Hatari zake madaktari wamezieleza tangu zamani: damu isiyokoma, kuoza kwa kidonda, pepopunda, na kwa kisu kilichotumika kwa watoto wengi, virusi vya UKIMWI. Lakini iko hatari nyingine ambayo watu hawaihesabu, nayo ni siku zipoteazo.

Tulikuwapo katika zahanati moja ya mitelemko ya Meru alipoletwa mtoto wa kiume aliyekuwa hajatimiza miaka miwili. Alikuwa amekatwa kimeo siku nne kabla. Mama yake alisema kikohozi kilipungua siku ya kwanza. Twadhani mtoto aliogopa kukohoa kwa maumivu. Siku ya nne alikuwa akipumua upesi, na chini ya mbavu kifua kilibonyea ndani kila alipovuta. Kilikuwa kichomi, na kilikuwamo tangu mwanzo. Muuguzi hakumkaripia yule mama, jambo tulilolipenda. Alimpa mtoto dawa ya kwanza, akaomba gari, wakaenda hospitali, na baada ya juma moja na siku chache mtoto alirudi nyumbani. Bibi yake, ambaye ndiye aliyemwita fundi, alikuwa amekaa njiani kuwangojea.

Kwa hiyo twawaomba malaigwanani, washili na waalimu waipokee kanuni hii ya Shirika la Afya la Ulimwengu na kuifundisha katika mikutano yao, kwa maana haihitaji daktari. Mtoto mwenye kikohozi asitazamwe kimeo, ahesabiwe pumzi. Afunuliwe nguo, awe ametulia, asiwe analia wala kunyonya. Hesabu kila kifua kinapoinuka, kwa dakika moja kamili. Mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Hesabu tena, na ikiwa ni hivyo hivyo apelekwe mara moja. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, hatari ni pumzi 50 au zaidi. Wa mwaka mmoja hadi kutimiza mitano, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea ndani, au mtoto akishindwa kunyonya, au akilegea asiamke vema, msingoje kuhesabu. Saa yoyote yenye mshale wa sekunde yatosha kwa kazi hii, na asiye na saa aweza kutumia simu ya mkononi.